Samaki wa Mifuko ya Kahawa

Mfuko wa mia moja na arobaini ulikuwa bado na unga wa kahawa kwenye pembe. Xavérine aliukung'uta juu ya pipa, akauosha kwenye sinki la jikoni mwa ofisi anayosafisha, akaupangusa kwa kanga. Nje maandishi ya Kiswidi, ndani fedha tupu, inang'aa kama ubavu wa samaki wa mukeke aliyetoka ziwani Bujumbura sasa hivi. Mwezi mzima wenye ofisi walikunywa kahawa, yeye akavuna samaki.

Ilikuwa Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, siku yenyewe ya sherehe. Watoto wawili wa darasa moja hapa mtaani Rissne, Sweden, Kelly na Tania wa Xavérine, walikuwa wanatimiza miaka saba wiki ile ile. Mada ya sherehe walichagua wenyewe: chini ya bahari. Mapambo ya dukani usiyaguse. Samaki watatu wa plastiki kwa bei ya kuku mzima! Ndipo Godelieve, mama yake Kelly, aliposema, "Ma chère, weye una mikono, mimi nina mkataba. Tuungane."

Mkataba. Hapo ndipo roho ya Xavérine ilipokuwa inauma. Waliingia Sweden mwaka uleule, wakalala kambi moja ya wakimbizi, vitanda vinatazamana, wakagombania sufuria moja. Leo Godelieve ana mkataba wa nyumba, jina mlangoni, jina kwenye orodha ya wakazi pale ngazini, na baraza yenye maua ya plastiki yanayochanua hata kwenye theluji. Ukumbi wa chini ya jengo hupewa mwenye mkataba peke yake. Xavérine yeye amejibanza kwenye chumba kimoja jengo la pili, kwa Januari, dereva wa teksi, kimya kimya. Kampuni yenye nyumba haijui. Ikijua, Januari atanyang'anywa mkataba, na yeye na Tania wataamkia nje. Foleni ya nyumba? Alijiandikisha akiwa na mimba ya Tania. Mtoto sasa anasoma, foleni haijasogea.

Saa tano alikuwa juu ya ngazi ukumbini, anatundika samaki kwa uzi wa kushonea. Mwani aliukata kwa mifuko ya taka ya kijani. Pweza walikuwa vigogo vya karatasi za chooni, kila mmoja na macho yake, wengine makengeza. Tania alimpitishia uzi kutoka chini, kimya kuliko kawaida yake. Godelieve akaingia na nywele mpya, akabandika ukutani kitambaa kirefu kilichoandikwa: KELLY MIAKA 7.

Xavérine alisoma mara mbili. "Mama Kelly, na Tania?"

"Eh, usinianze! Fomu ya ukumbi ina mstari mmoja tu, nikaandika Kelly. Basi nikaendelea hivyo hivyo mpaka kwenye kadi za mwaliko. Watoto wanajali keki, hawajali majina."

"Kadi ya Tania mimi sikuiona."

"Aliipata Jumatatu, darasani, na wenzake."

Xavérine alimtazama mwanawe. Tania akainama kuvuta soksi ambayo haikuwa imeteremka. Kumbe tangu Jumatatu mtoto alijua. Na kila jioni alikaa kitandani, mkasi mkononi, anakata samaki wa sherehe ambayo si yake, kwa kuwa mama alikuwa anaimba kwa furaha.

Wageni walipofika, Godelieve alimpa Xavérine kazi. Huku Sweden watoto huvua samaki kwenye sherehe zao: shuka hutundikwa kama ukuta, mtoto hurusha uzi wenye kibanio cha nguo, na mtu aliyejificha nyuma hubana hapo kimfuko cha peremende. "Kaa nyuma ya shuka, shoga. Wasikuone, utaharibu utamu."

Basi akakaa nyuma ya shuka. Akasikia wimbo, jina moja tu ndani yake. Akamsikia Josefin, mama Mswidi mwenye sauti ya kengele, "Jamani, hawa samaki! Umenunua wapi?"

"Kununua? Nimekata mwenyewe, mmoja mmoja. Mwezi mzima! Vidole vinaniuma mpaka leo."

Kina mama wakammiminia sifa. Xavérine alitazama kidole gumba chake chenye plasta, kijicho kikampanda kama homa. Uzi wa Kelly ulipoanguka mbele yake, alitoa chokoleti kubwa kwenye kimfuko cha Kelly, akaihamishia kwenye cha Tania. Dhambi ndogo, lakini tamu.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa Filip, msimamizi wa majengo, na tita la funguo kiunoni. Alitazama dari, akatoa fomu.

"Nani ametundika hivi? Mmefunika kidude cha kunusa moshi. Aliyefanya aandike jina na namba ya nyumba anayokaa. Hatapata ukumbi mwaka mzima."

Shuka likatikisika, kichwa cha Godelieve kikaingia. Alinong'ona, "Toka useme ni wewe. Weye ukumbi si hupewi hata hivyo."

"Namba ya nyumba niandike ipi? Unajua ninavyokaa."

"Utajua mwenyewe! Andika jina."

"Fomu yake ina mistari mingapi?"

"Mmoja."

"Basi andika lako. Umelizoea."

Xavérine akatoka, akasimama mbele ya watu wote na Kiswidi chake cha kazini. "Mimi nimekuja kubana peremende tu. Mama Kelly amekata mwenyewe, mmoja mmoja. Muulizeni Josefin."

"Kabisa!" Josefin akadakia kwa furaha. "Ametuambia sasa hivi. Mwezi mzima!"

Godelieve alipokea kalamu. Aliandika kama mtu anayemeza mfupa. Xavérine hakuwahi kuonja kitu kitamu hivyo tangu aje Ulaya.

"Lakini mama," Tania akasema kwa Kiswidi, kwa sauti, chokoleti mkononi, "ni sisi tuliowakata!"

Filip akainua kichwa.

"Watoto!" Xavérine akacheka, jasho linamtoka. "Kila kizuri ni chake. Nyamaza, Tania."

Filip akapanda ngazi, akawang'oa samaki kwa mikono miwili, uzi na yote, wakaishia kwenye mfuko mweusi.

Saa kumi na moja mama na mwana walikuwa mbele ya mlango wa Januari. Juu ya tundu la barua pana jina moja tu, lake. Wakati Xavérine anatafuta ufunguo, Tania alitoa samaki mmoja mkononi mwa sweta, amekunjika mkia, bado ananukia kahawa. Akambandika chini ya jina la Januari kwa gundi ya sherehe. Kwa kalamu nyekundu alikuwa ameandika: XAVÉRINE NA TANIA.

Chini, lifti ikaanza kupanda.

Xavérine alimbandua polepole, fedha isichanike. Wakaingia. Akambandika upande wa ndani wa mlango wa chumba chao, maandishi yakielekea kitandani.

"Hapa ni pazuri zaidi," alisema. "Tutakuwa tunamwona."

Tania alivua viatu, akavipanga.

"Sisi tunajua tayari kwamba tunakaa hapa," akajibu kwa Kiswidi.