Kipande cha Kushoto

Tangu waingie dukani, kaka mtu hakuwa amefunga mdomo. Kibodi hii fremu yake ni ya aluminiamu, hii taa zake zinabadilishwa rangi, hii hata ukiidondosha sakafu ndiyo itakayoumia. Dada yake alisimama nyuma yake, mkono wa kulia ameufutika mfukoni mwa sweta.

Mkono ule aliuharibu kaka. Waligombana kwa jambo ambalo sasa hakuna aliyelikumbuka vizuri, akatoka na kuubamiza mlango wa chuma, kumbe vidole vya dada viko kwenye mwimo. Hasira hasara, walisema wahenga, ila hawakusema hasara itamwangukia nani. Mifupa iliunga. Vidole vitatu vilibaki vimejikunja, havinyooki, havihisi baridi wala moto.

Nyumbani hakuna aliyemlaumu. Mama alisema ajali haina kinga. Dada alisema, "Yameisha hayo." Wangemtukana, angejua la kujibu, kwa kujibu alikuwa hodari. Kwa msamaha hakuwa na jibu, na kila walipomsamehe alizidi kuvimba ndani.

Na Jumatatu ilikuwa inakuja. Kazi ya dada ilikuwa kuandika kumbukumbu za vikao: wakubwa wanaongea, yeye anayanasa maneno kwenye kompyuta, neno kwa neno. Mkuu wake alikuwa amemvumilia vya kutosha. Jumatatu angerudi kikaoni, na maneno yakimwacha nyuma, kiti kingepata mtu mwingine. Ndipo kaka akamleta hapa, duka ambalo kibodi huundwa mbele yako, kitufe kwa kitufe, upendavyo.

"Bosi, nipe iliyo bora kuliko zote," alimwambia muuzaji, mtu mnene mwenye miwani utosini, ambaye wateja walimwita Swichi.

"Bora kwa nani?" Swichi akasukuma mbele ubao mdogo wenye vitufe vya kujaribia. "Hivi vizito. Hivi laini. Na hivi vinalia, ukivinunua jirani atahama."

Kaka akavibonyeza vyote, akachagua vinavyolia. "Hivi! Vina heshima."

"Atakayeandika ni wewe?"

"Ni dada. Lakini namjua."

"Mchagua jembe si mkulima," Swichi alisema, "na wewe umeyakumbatia majembe yote. Mpishe mwenyewe."

Dada akabonyeza kwa mkono wa kushoto. "Hivi laini."

"Na wa kulia?"

"Unapona," kaka akawahi. "Mazoezi anafanya. Ni suala la muda tu."

Dada akautoa mkono mfukoni, akauweka juu ya kaunta, chini ya taa. Swichi akashusha miwani, akautazama kama anavyotazama kifaa kilicholetwa: kipi kinafanya kazi, kipi hakifanyi. Hakusema pole. Mabega ya dada yakalegea, kama ya aliyetua mzigo.

"Ninayo ya vipande viwili," Swichi alisema. "Kila mkono na chake, ila kimoja chaweza kufanya kazi peke yake. Gumba likishika kitufe hiki hapa, herufi za upande wa kulia zinahamia chini ya mkono wa kushoto. Mwanzoni utajikwaa sana, sikudanganyi."

"Nipe hicho. Cha kushoto tu."

"Tunachukua vyote viwili," kaka alisema.

"Cha kulia cha nini?"

"Kikae. Siku ukipona..."

"Kikae wapi? Mezani, kinitazame?" Dada akamgeukia. "Daktari alisema mbele yako. Ulitikisa kichwa kama mtu aliyesikia. Tangu siku hiyo ni mipira ya kuminya, mara mafuta, mara glavu. Kaka, mimi mkono huu nimeshauaga. Wewe ndiye unayeung'ang'ania, maana ukiuachia utabaki na ule mlango."

Swichi akaanza kutafuta kebo aliyokuwa ameishika.

Joto likampanda kaka kifuani. Alilijua, ndilo lile lile la siku ile. Alijua pia njia ya kutoka, maana kutoka ndiko alikokuwa fundi. Akabaki amesimama.

"Cha kushoto," alimwambia Swichi, kwa sauti ndogo asiyoijua. "Cha kushoto tu."

Swichi akachomeka vitufe laini, kimoja kimoja, akaunganisha kipande kwenye kompyuta ya dukani. Dada akavuta kiti.

"Haya, ongea," alimwambia kaka yake. "Wewe si msemaji? Jifanye mkubwa kikaoni."

Kaka akaanza, polepole, akiacha nafasi kila baada ya neno kama mtu anayevusha mtoto barabara. "Ndugu... wajumbe... tumekutana..."

"Usinipunguzie. Jumatatu nani atanipunguzia?"

Basi akaongea mwendo wa wakubwa. Aliongea juu ya bajeti, juu ya barabara, juu ya maji, upuuzi mtupu. Kwenye kioo maneno yalitoka yamekatika miguu. Gumba la dada lilikosa kitufe, likarudi, likakosa tena. Aliachwa nyuma sentensi nzima, kisha mbili. Jasho lilimtoka juu ya mdomo.

Kaka akanyamaza.

"Nani kakwambia unyamaze?" dada alisema, macho kwenye kioo. "Endelea."

Akaendelea. Aliongea kwa kasi ile ile, akimtazama dada yake akishindwa, na safari hii hakugeuza uso.