Kimea Chini ya Kitanda

Mume wangu Wenseslaus aliporuhusiwa kurudi nyumbani Kilema, baada ya wiki tano za dawa za saratani ya damu, niliamua kupika mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, ya shukrani. Yeye asingeonja, lakini ndugu wangekunywa na kumwombea. Nikaloweka ulezi, nikaufunga kwa majani ya mgomba, nikausukuma chini ya kitanda chetu uote, maana mvua ilikuwa haikatiki na chumba chetu ndicho chenye joto. Mama yangu alifanya hivyo hivyo. Kimea kilipokuwa tayari nikakianika humo humo chumbani, nikakipepeta huku naimba, na yeye amejilaza ananitazama. Niliona madoa ya kijivu hapa na pale. Nikapuliza, nikaendelea.

Siku ya nne baada ya kupepeta, homa ikampanda, tukarudi naye hospitali Moshi. Akachomwa sindano siku tatu, homa ikakataa kushuka.

Daktari wake, Gurleen, ni binti wa Kisingasinga aliyezaliwa hapo hapo mjini, na ananiamkia vizuri kuliko wajukuu zangu.

"Shikamoo mama. Huko nyumbani alikaa karibu na kitu chenye ukungu? Majani makavu, samadi, nafaka?"

"Hakuna! Nyumba yangu ni safi," nikamjibu kwa ukali.

Wifi yangu Theodora alikuwa amesimama pale. Mwaka wa arobaini na moja huu ananitafutia kosa, na mimi nisingempa zawadi hiyo.

Daktari akaondoka. Wenseslaus, amefumba macho, akaanza kupapasa shuka akitafuta mkono wangu, kama afanyavyo kila akitaka kulala. Nikampa. Wake ulikuwa wa moto. Nilijichukia, nasema kweli. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa mimi ndiye ninayeficha maradhi ya mwenzangu.

Nikamfuata daktari kwenye korido, Theodora nyuma yangu.

"Mwanangu, nilikudanganya. Niliotesha kimea chini ya kitanda chake. Kilikuwa na ukungu." Theodora akafumbua mdomo. "Wifi, utanisema baadaye. Ngoja zamu yako."

Gurleen hakunikaripia. Alirudi mwenyewe kumtoa mume wangu damu.

"Mwili wake sasa hauna askari, mama. Ukungu unaouvuta wewe ukaendelea na kazi, yeye unamwingia mapafuni na kusambaa. Tukisubiri uonekane vizuri kwenye picha ya kifua, tutachelewa. Kipimo hiki kinatafuta vinasaba vya fangasi ndani ya damu, hata vikiwa vichache, na kinatuambia ni fangasi gani."

"Kisipoona?"

"Hatutaacha kutafuta. Dawa naanza leo, ila zipo za aina nyingi. Jibu ndilo litakalotuambia kama hii ninayoanza ndiyo yenyewe."

Haikuwa yenyewe. Kesho yake mchana jibu likaja: fangasi wapo, tena wa aina ambayo dawa ya jana haiwagusi. Wakambadilishia saa ile ile. Kwenye picha ya kifua kulikuwa na kidoa kidogo tu, kama punje ya ulezi. Gurleen alinionyesha kwa kidole, na mimi nikamshika yule binti nikamkumbatia na koti lake jeupe.

Baada ya wiki moja homa ilishuka, mzee akaomba mtori wa ndizi. Nikamlisha kijiko kwa kijiko, na kila kijiko nikijisemea kwamba nikimaliza bakuli nitamwambia. Bakuli likaisha.

"Baba Eliona, nusura nikuue. Ni kile kimea."

"Najua. Nilinusa ukungu tangu siku ya kwanza."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa unaimba," akasema. "Tangu niugue sikuwa nimekusikia ukiimba."

Nikamfokea, nikamwita mzee mpumbavu, nikalia. Halafu nikauimba ule wimbo pale pale wodini, kwa sauti ya chini, na Theodora aliyekuwa amekaa kando, ambaye hatujawahi kupatana naye hata juu ya chumvi ya mboga, akaitikia.