Ramani ya Mwambani

Mwalimu Dama alirudi Ijumaa kutoka semina ya uhifadhi Nairobi, begi limejaa makaratasi, na kitu cha kwanza alichokiona darasa la sita ni chupa za jemu. Arobaini na tatu. Ndani ya kila moja, kwenye spiriti, kiumbe kimelala: kaa, kauri, jongoo bahari, hata mtoto wa pweza, mweupe pe.

"Karibu nyumbani, Mwalimu!" Bwana Bramwel, mwalimu mkuu, alisugua mikono kwa furaha. "Mashindano ya mazingira ni Jumatatu, na masharti yanataka vielelezo. Nimewapeleka watoto mara tatu, maji yalipokupwa."

"Wamevitoa wapi vyote hivi?"

"Kwako!" Akaonyesha ukutani.

Hapo ilining'inia ramani aliyoichora Dama mwenyewe kwa miaka mitatu: madimbwi kumi na saba ya mwamba ulio dakika kumi tu kutoka shuleni pao Kuze, kila jiwe na nani anaishi chini yake. Aliichora ili watoto wajue pa kuangalia, waguse kwa kidole kilicholowa, kisha walirudishe jiwe taratibu. Asiye na ramani angetafuta kutwa nzima, aambulie konokono wawili. Wenye ramani walikuwa wameukomba mwamba kwa siku tatu.

Dama alisema sana, na Bwana Bramwel akamsikiliza kwa upole wa mtu anayengoja mvua ipite. "Lakini wewe ndiye uliyewafundisha kupenda viumbe," akasema mwishowe. "Sasa wanavyo, unakasirika?" Ndiyo taabu ya watu wa namna hiyo. Huwezi kugombana nao, maana hata hawajui kwamba kuna ugomvi.

Alasiri alishuka mwambani peke yake. Mawe yalikuwa yamepinduliwa, yanakauka juani. Aliyarudisha moja moja mpaka kucha zikamtoka damu, huku akilaani kimoyomoyo semina, mashindano na kila aliyebuni neno vielelezo. Madimbwi kumi na tano hayakuwa na kitu. Uhai alioukuta ulikuwa katika yale mawili ya mbali, ambayo watoto hawakuyafikia, na katika la mwisho kauri mmoja alikuwa ameatamia mayai yake. Hayo mawili yakiguswa, hakuna wa kuujaza mwamba tena.

Alirudi shuleni, akaibandua ramani, akaipeleka kwenye jiko la Mejumaa, muuza mahamri wa mlangoni. Mejumaa hakuuliza. Dama alisimama pale mpaka ikawa jivu, na kwa mara ya kwanza siku ile akapumua.

Jumatatu, shule ya Kuze ikatangazwa ya kwanza. "Wengine wametuletea picha za magazeti," alisema Bi Jacinta, mkuu wa majaji. "Hawa wameleta viumbe wenyewe! Mwakani tunataka kila shule ifanye hivi. Mwalimu, tupe siri."

Walimu wa shule kumi na mbili wakashika kalamu.

"Siri ni kwamba nimeshindwa," Dama alisema kwa hasira. "Hawa walikuwa hai. Mwamba umekwisha. Tafadhalini, msiende."

Ukumbi ukampigia makofi. Walidhani ni unyenyekevu!

"Na ile ramani aliyotusimulia mwalimu mkuu?" Bi Jacinta akauliza.

"Imeungua."

Watu wakasikitika. Ndipo Zakiya, mwanafunzi wake bora, akasimama. "Usiwe na wasiwasi, mwalimu. Mie nayajua madimbwi yote kwa moyo."

Aliyajua kweli. Watoto wa Kuze wamekulia kwenye kukariri Kurani chuoni, na Dama, kwa kujiona mjanja, alikuwa amewafundisha madimbwi kwa mtindo uleule, wakiyumba kidogo, sauti moja.

"Dimbwi la kwanza, chini ya jiwe jekundu, jongoo bahari watatu..." Wenzake wakadakia. Dama alipiga kelele, "Zakiya, basi! Nyamazeni!" lakini kelele yake ikamezwa na makofi. La kumi. La kumi na tano. Akamkimbilia mtoto, akakwama katikati ya viti.

"Dimbwi la kumi na saba," Zakiya alisema, akimtazama mwalimu wake kwa fahari, "ndilo la mbali kabisa. Hilo hatujalifikia bado. Liko nyuma ya jiwe bapa, kauri ataga hapo."

Kalamu zote zikaandika.