Kochi la Mgeni wa Serikali

Watu wa baraza la mji waliandika kwa rangi nyekundu kwenye mlango wa Mama Cherehani: MNADA. Naye akalifunika neno hilo kwa kipande cha pazia kuukuu, mtaa usijue. Marehemu mumewe alimwachia vyumba viwili, bati linalovuja na kodi ya nyumba iliyolimbikizwa miaka. Cherehani iliyompa jina alishaiuza, nayo ikamezwa na kodi hiyohiyo.

Ndipo mwenyekiti wa mtaa akamnong'oneza kwamba serikali inawasamehe kodi wajane wasiojiweza. Mkaguzi atakuja aione hali yake kwa macho. Akiridhika kwamba hana kitu, kodi imefutwa. Asiporidhika, nyumba inauzwa.

Mwenye akili angeiacha nyumba ilivyo, jamani! Lakini huyu alilelewa kuwa mgeni ni mgeni, sembuse wa serikali. Amkalishe kwenye mkeka uliotoboka? Akaenda kwa jirani, Mama Redio, aliyeitwa hivyo kwa sababu habari haikulala kwake. Kuhusu mnada hakugusia. Nani anaipa redio siri yake? Alisema tu ana mgeni mkubwa. Mama Redio akamwazima kochi, zulia, mapazia, hata televisheni.

"Chukua, mwenzangu. Aibu yako ni yangu."

Mkaguzi akaja, akazama kwenye kochi, akanywa chai. Akaangaza macho huku na huku.

"Hongera, mama. Unaishi vizuri kuliko mimi."

Mama Cherehani akaiweka birika chini. Ndiyo kwanza akaona alichokifanya.

"Mwanangu, hivi si vyangu. Nimeviazima kwa heshima yako."

Mkaguzi akacheka. "Kila nyumba naambiwa hivyohivyo."

"Haki ya Mungu! Muulize mwenyewe, yule pale!"

Mama Redio alikuwa mlangoni, angekosaje? Mkaguzi akamgeukia. "Eti mama, vitu hivi ni vya nani?"

Mama Redio akamtazama jirani yake anayelengwalengwa na machozi. Akaona mwenzake anaadhirika mbele ya mgeni, na yeye si mtu wa kumwacha mtu aadhirike.

"Vyake! Tena kanunua taslimu. Hapendi makuu tu, huyu."

"Sema kweli! Nakuomba, sema kweli!"

Mama Redio akamkonyeza.

"Basi," mkaguzi akainuka, "mwenye kochi kama hili analipa kodi."

Mama Cherehani alimkimbilia hadi barabarani, kiatu kimoja mguuni, akimwita baba, akimwita mwanangu. Pikipiki ikamwachia vumbi. Aliporudi, Mama Redio alimpangusa uso kwa upindo wa nguo.

"Kodi kitu gani? Utalipa kidogo kidogo. Lakini umeona nilivyokusitiri? Angeondoka anakudharau."

Mama Cherehani akakivua kile kiatu kimoja. Nguvu za kugombana angezitoa wapi? Wakalishika kochi, mmoja huku, mwingine kule, walirudishe. Mlangoni likakwama. Wakasukuma, mguu wa kochi ukanasa kile kipande cha pazia, kikachanika, kikaanguka.

Mama Redio akasoma. Akasoma tena, midomo ikicheza. Kochi likamponyoka mikononi.

"Mnada? Nyumba hii? Mbona hukuniambia?"

Mama Cherehani akaketi palepale kizingitini.

"Niliona haya," akasema.