Samaki wa Kukaa Pamoja

Kabla ya adhana ya alfajiri nilisikia mlio mdogo sebuleni: tup. Kisha kitu kikapigapiga sakafuni, kikatulia. Niliwasha koroboi nikaenda. Perege wangu wa mwisho alikuwa amelala kwenye sementi, vumbi limemganda ubavuni. Nilimrudisha majini, ndani ya kioo, kwa viganja viwili, lakini alielea tu. Chini kwenye mchanga kambare alikuwa ametulia na sharubu zake, kama mtu aliyeshiba.

Nilikaa mkekani nikalia kidogo. Sikumlilia perege. Ilikuwa Alhamisi, na Jumamosi mjukuu wangu Mwaisha alikuwa anakuja.

Mwaisha ni mtoto wa binti yangu Zuleha. Zuleha aliolewa na Bujiku, Msukuma wa kandokando ya ziwa, wakahamia Rwamgasa ambako Bujiku alichimba dhahabu. Huko ndiko homa ilikomchukua binti yangu, mwaka wa sabini na tisa. Tangu msiba ule miaka miwili ilikuwa imepita, nami sijamwona mtoto. Mafuta ya magari yalikuwa shida, na kutoka Rwamgasa mpaka kwetu Kahama si karibu. Lakini moyoni nilikuwa na sababu nyingine. Niliamini Bujiku hanipendi. Tangu siku ya posa hakuwahi kunitazama usoni. Nikiingia, yeye anatoka. Nikimwandalia chakula, anakula uani. Sisi ambao babu zetu walifika Kahama na misafara ya pwani, mkwe tunamkalisha sebuleni, tunamsogezea mto. Yeye alisimama nje kama aliyekuja kuuliza njia. Nikasema, huyu sasa hana mke wa kumleta kwangu, nimekwisha.

Kisha ikaja barua yake: likizo ya Juni nitamleta Mwaisha, siku tatu.

Siku tatu! Mtoto wa miaka saba, hanikumbuki. Akichoka nami, baba yake hatapata sababu ya kumleta tena. Nilitaka akute kitu ambacho nyumba nyingine haina. Nilikuwa na kabati la kioo, aliloniachia mwenye duka la maandazi alipohamia Mwanza. Mzee Ngassa, fundi wa madirisha, alilipaka pembe zote ule udongo wa kushikia vioo, akalijaza maji, halafu akawa anapita kila jioni wiki nzima kutazama kama linavuja. Hakuna aliyemwita. Nikamwandikia Mwaisha kwamba bibi ana samaki wanaoishi sebuleni, perege sita na kambare.

Nilikuwa nimewachagua mwenyewe, kwa wavuvi wa lambo, lile bwawa la kunyweshea ng'ombe. Na hapo ndipo nilipokosea. Maisha yangu yote samaki nimewachagua kwa ajili ya chungu. Basi nikachagua kwa namna ninayoijua: macho maangavu, tumbo gumu, aliyenona. Jirani yangu Serafina alipoona, alicheka mpaka akashika ukuta.

"Mama Zuleha, hujafuga samaki wewe. Umemwekea kambare akiba!"

"Mbona lamboni wanakaa pamoja?"

"Lamboni kuna pa kukimbilia. Humu watakimbilia wapi, chini ya kitanda chako?"

Sikumsikia, na perege wakapungua mmoja mmoja mpaka yule wa alfajiri. Ijumaa Serafina alimchukua kambare akampika kwa karanga, akaniletea bakuli. Sikuweza kumeza.

Jumamosi basi lilifika alasiri. Mwaisha aliingia na kifurushi chake, akanishika mkono. "Shikamoo, bibi." Paji la uso lilikuwa la mama yake, lilelile. Sikuwahi hata kumaliza marahaba, akawa ameshafika kwenye kioo.

"Bibi, mbona ni maji matupu?"

Sauti ya Bujiku ikatoka nje ya dirisha, ikiniita mayu, yaani mama kwa Kisukuma.

"Shikamoo, mayu. Tulisoma barua yako. Nikamwambia Mwaisha, perege na kambare? Hata barua haijafika, perege wameisha."

Mwaisha akacheka, nami nikacheka kwa aibu. Bujiku alikuwa amesimama nje, mgongo ameuelekeza dirishani, miguuni ana debe lililofungwa kitambaa.

"Baba amebeba samaki wa ziwani," Mwaisha akasema. "Alikwenda kuwafuata kwa baiskeli. Kwenye basi aliwapakata. Kila tukisimama anachota maji kwa kikombe anayamwaga tena juu, wapate hewa."

Njia yote ile, debe mapajani. Nikasema, "Ingia basi, baba, uwaweke mwenyewe."

Alizidi kutazama barabara. Serafina, aliyekuja kusalimia wageni, akanivuta jikoni.

"Unamwambia mkweo aingie ulipo wewe? Unataka afe kwa aibu?"

"Aibu gani?"

"Kwetu Wasukuma mkwe hamtazami mama mkwe usoni, wala hawakai chumba kimoja. Ndiyo heshima."

"Miaka yote hii?"

"Miaka yote hii anakuheshimu. Wewe ulidhani nini?"

"Nilidhani ananichukia."

Safari hii Serafina hakucheka. Alinifuta uso kwa ncha ya kanga yake. "Na mimi sikujua kwamba hujui," akasema.

Nikarudi sebuleni, nikasimama upande wa dirisha ambapo hanioni. "Haya, baba. Wewe sema, mimi na Mwaisha tufanye."

Sauti yake ikawa nyepesi. Alituambia tuvunje chungu kikuukuu tupange vigae chini, kila samaki apate mlango wake. Tuongeze maji ya kwenye kioo ndani ya debe kidogo kidogo, wayazoee. Ndipo tukachagua.

"Hao ni furu. Wa buluu ni madume. Aingie mmoja tu. Wawili kwenye kioo watauana. Majike wote wanne waingie, dume asije akamwandama mmoja mpaka akamchosha. Yule mwenye madoa ni gogogo. Anaokota makombo chini, hagombani na mtu. Msimshike tu, ana miiba."

"Na sato?" nikauliza.

"Sato sikuleta, mayu. Leo ni kidole, mwakani anakudai sebule nzima."

Dume wa pili alibaki kwenye debe. Serafina akamwita bwana harusi aliyekosa posa.

Bujiku alilala kwa mume wa Serafina. Asubuhi ya Jumapili alikuwa tayari nje ya dirisha langu, Mwaisha amebandika pua kwenye kioo. Jike mmoja hakugusa pumba tulizowamwagia, taya limevimba. Nilidhani anaumwa. Mara akafungua mdomo, vitoto vidogo kama chembe za ulezi vikatoka. Dume akakaribia, vyote vikarudi mdomoni.

"Baba! Anawala watoto wake!"

"Hawali," Bujiku akajibu. "Anawaficha. Furu hulea watoto mdomoni, na yeye hali kitu mpaka wajue kuogelea. Mwekeni peke yake kwenye beseni. Watoto wakitoka mdomoni ndani ya kioo, wenzake watawamaliza."

Mwaisha alimtazama samaki kwa muda mrefu. "Mama alinibeba hivyo?"

Nikajibu mimi. "Alikubeba mgongoni, mjukuu wangu. Kwa kanga ya kijani. Ukilia anatembea, ukinyamaza anatembea bado, eti usije ukagutuka."

"Ndivyo," sauti ya nje ikasema, nzito. "Mpaka kisimani na kurudi."

Katika nyumba ile hakuna aliyekuwa amezungumza nami habari za Zuleha kwa miaka miwili. Watu walikuwa wananionea huruma.

Jumanne wakafunga safari. Mwaisha aliwaaga samaki mmoja mmoja, na yule wa beseni mara mbili. Mimi nilikwenda dirishani, nikageuka, nikaegemeza mgongo ukutani. Nilijua upande wa pili naye ameegemea.

"Bujiku, baba," nikasema, "shule zikifungwa mwezi wa kumi na mbili, mje tena. Wewe hapo nje nitakuwekea kigoda, upande wenye kivuli. Mje tena, tafadhali."