Zamu Yangu ya Kuzunguka

Usiku wa jana niliota kikombe cha bati kinatetemeka dirishani, tiki tiki tiki, kabla hata jogoo wa jirani hajawika.

Kikombeni humo ndimo ninamoweka simu ya mjukuu wangu Mghoi. Hapa kwetu Wundanyi, mtandao unafika dirishani tu, na simu isipokaa kikombeni inaanguka. Mghoi ni mkalimani wa mikutano. Akisafiri nchi za watu, laini yake ya hapa huniachia mimi. Barua pepe yake ikimwona yuko ugenini humkana, inatuma namba sita kwenye laini hii, nami ninamsomea.

Jana jioni alinipigia kwa simu ya mwenzake, kutoka mji ambao saa zake zimetangulia zetu kwa saa nne.

"Nyanya, barua pepe imenifungia hadi alfajiri. Nimebakiwa na jaribio moja. Karatasi za hotuba zimo humo, na mkutano unaanza saa kumi na moja alfajiri ya huko kwenu."

"Usipozisoma?"

"Nitakaa kibandani mwa wakalimani nikibabaika mbele ya watu mia tatu. Ndiyo kazi yangu ya kwanza kwa jina langu mwenyewe, Nyanya. Hawataniita tena."

Nikamwambia apumzike, mimi nipo macho. Nikakaa kitini kando ya dirisha. Sikumbuki nilivyosinzia.

Basi, kikombe kinatetemeka. Nachungulia ndani. Simu haimo. Wamo watu sita wadogo, kila mmoja urefu wa kidole, wamevaa masweta.

"Shikamoo, Nyanya," anasema wa mbele. "Sisi ndio namba. Mimi Mbili, huyu Saba, huyu mnene ni Sifuri, hawa pacha ni Nne na Nne. Yule anayelia ni Tisa."

"Marahaba. Analia nini?"

"Tunaishi dakika kumi tu. Yeye husomwa wa mwisho. Anaogopa atakufa kabla hajatajwa."

Nikawafunga kwenye upindo wa kanga, nikachukua kikombe, nikafungua mlango wa jikoni. Jiko halikuwepo. Palikuwa na ukumbi mweupe, mkubwa kama uwanja wa mpira. Katikati, mzee mwembamba mwenye koti la kijivu alikuwa akitembea kwa kuzunguka. Alikuwa amezunguka hata sakafu ikachimbika mtaro. Nyuma yake kulikuwa na mlango mmoja, umeandikwa Mghoi.

"Hodi."

"Karibu, ila mimi sisimami," akasema akipita. "Mimi ndiye kile kiduara cha kwenye skrini ambacho watu hukitazama wakisubiri."

Nilikitambua. Mghoi huwa anakitukana.

"Naomba umfungulie mjukuu wangu."

"Mjukuu wako Jumatatu alionekana Nairobi. Jumatano yuko ng'ambo ya bahari. Miguu miwili haiwezi."

"Alipanda ndege."

"Wezi wote husema hivyo."

"Nimekuja na namba."

"Vizuri. Nikimaliza mizunguko kumi zinakufa, na lazima kwanza nizikague moja moja. Huu ni wa nane."

"Sasa si usimame uzikague?"

"Nikisimama watu wanadhani nimekufa. Wanazima kila kitu."

Nikamtazama vizuri. Midomo ilikuwa imekauka, na viatu vyake vilikuwa vimebaki kamba tu.

"Baba, umekula?"

Akapita. Nikangoja. Jibu lilikuja aliporudi, mzunguko mzima baadaye.

"Sijawahi kuulizwa."

"Nyanya!" Saba akapiga kelele upindoni. "Umemaliza wa tisa kwa kuuliza habari za chakula!"

Tisa akalia kwa sauti. Nikamwona akilini Mghoi kibandani, mdomo wazi, watu mia tatu wamemgeukia.

Lakini kikombe mkononi mwangu sasa kilikuwa kimejaa uji wa mtama, moto, na harufu ya ndimu juu yake, na mwenye njaa alikuwa mbele yangu. Ningefanyaje?

"Kaa unywe," nikamwambia. "Nitazunguka mimi."

"Una idhini?"

"Nina miguu."

Akafikiri. Akatoka mtaroni, akakaa chini kama mtu asiyejua magoti hukunjwa vipi. Nikaingia mahali pake.

Sasa nazunguka. Goti langu la kushoto ni bovu tangu nilipoteleza shambani, kwa hiyo napiga hatua, napumua, nauvuta mguu, napiga nyingine. Saa ya ukutani inaniona. Inapunguza mwendo ili isinipite. Nikaishukuru kwa kichwa.

Mzee anapuliza uji. "Watu hunitazama kwa hasira," anasema. "Wengine hunidonoa kwa kidole."

"Pole, baba. Kunywa."

Akanywa hadi mwisho, akapangusa kikombe kwa pindo la koti. Mimi nilikuwa sijafika hata nusu.

"Ajabu," akasema. "Wa kumi bado haujaisha. Na dakika za humu ni mizunguko hii hii."

Akafungua upindo wangu kwa adabu, akaziita namba moja moja kwa majina yao. Alipofika kwa wa mwisho akasema, "Tisa," kwa upole kabisa. Tisa akafuta kamasi, akaingia. Mlango ukafunguka.

Nikaumaliza mzunguko, nikamrudishia mtaro wake.

Nilipozinduka nilikuwa kitini. Simu imo kikombeni. Ujumbe wa namba ulikuwa umeingia saa kumi na nusu: mbili, saba, sifuri, nne, nne, tisa. Sasa ilikuwa saa kumi na dakika arobaini na tano. Zimekufa dakika tano zilizopita, na mimi nimelala. Nikashika kichwa.

Tiki tiki tiki. Mghoi.

"Mwanangu, nisamehe, nilisinzia..."

"Nyanya, imefunguka! Karatasi ninazo, nazisoma hapa nikitembea."

"Lakini sikukusomea namba."

"Wala sikuziandika. Kiduara kilizunguka mara tisa kama kawaida, halafu, usinicheke, kikaanza kuchechemea. Mguu wa kushoto! Nikasema sasa hata kompyuta imezeeka. Mara ikafunguka yenyewe."

Nikalisugua goti. Lilikuwa na moto kama nimetoka sokoni kwa miguu.

"Haya, soma, usije ukachelewa."

"Subiri. Juu kabisa kuna barua haina jina la mtu. Sijui ni ya nani."

"Inasemaje?"

Nikamsikia akisimama ili aisome vizuri.

"'Uji ulikuwa na ndimu ya kutosha. Yule mama mwenye goti aje tena, hata kama hana namba.'"