Pembe ya Chini Kulia

Brashi ilikuwa imeshapita mara mbili juu ya picha, na gundi imetanda nyeupe pepe kutoka ukingo hadi ukingo, mlango ulipozibwa na kivuli cha mtu.

"Hodi. Wewe ndiye Mama Fremu?"

"Ndiye mimi. Karibu, ila angalia misumari hapo chini, inapenda sana wageni."

Aliyeingia alikuwa mwanamke wa makamo, amekonda kama watu waliotoka kuugua, gauni likimpwaya mabegani. Hakutazama trei zilizotundikwa ukutani. Hilo lilimshangaza Mama Fremu, maana kila aliyekanyaga chumba hiki alikuja kwa ajili ya trei. Huyu alitazama fremu tu, zile kuukuu zilizoegemezwa chini ya dirisha, akizipitia moja moja kwa macho.

Jina la Mama Fremu alipewa na mtaa. Hakujaliwa mtoto wa kuitiwa, basi watu wakamwita kwa kazi yake, kwanza kwa utani, kisha kwa mazoea, na yeye akaitika. Kila Jumatatu alikwenda duka la mitumba nyuma ya soko, akachagua fremu za picha ambazo hakuna aliyezitaka, magauni yaliyopauka, na vishikio vya droo ambazo zenyewe zilishakuwa kuni. Fremu zilikuja na watu wake ndani: maharusi, wahitimu, watoto waliokalishwa kwa nguvu mbele ya mpiga picha. Picha za zamani hubandikwa juu ya kadi ngumu, na kadi hiyo ilimwondolea shida ya kutafuta ubao. Alipaka gundi juu ya picha, akalaza kipande cha gauni, akakikandamiza kwa matofali mawili hadi kesho yake. Akifunga vishikio huku na huku, trei imekuwa trei. "Mimi naokoa vitu," alipenda kuwaambia wateja, na aliamini hivyo kwa moyo wake wote.

Alikuwa na sharti moja tu: hatazami sura. Mwaka wa kwanza alitazama, bibi harusi mmoja mwenye pengo akamkaa rohoni wiki nzima, kazi ikalala. Tangu hapo gundi aliianzia kwenye uso wa picha. Gundi mbichi ni nyeupe; ukipitisha brashi mara mbili mtu hayupo tena, na mkono unaendelea na shughuli zake.

"Nimeelekezwa na mwenye duka la mitumba," mgeni alisema. "Natafuta fremu yangu. Nililazwa miezi mitano. Mwenye nyumba akasikia nimekufa, sijui alisikia wapi, akatoa vitu vyangu vyote. Kitanda sikitaki. Sufuria sizitaki. Nataka picha ya mwanangu tu."

"Pole sana, dada. Kaa kwanza."

"Nikikaa kunyanyuka ni kazi. Fremu yenyewe ya kahawia, imechongwa maua. Pembe ya chini kulia imemeguka."

Mama Fremu aliijua papo hapo. Sura hakuzitazama, lakini mbao alizitazama kuliko watu wanavyotazamana. Pembe ile aliiziba mwenyewe kwa unga wa mbao uliokandwa na gundi, akachonga ua lililokosekana kwa ncha ya kisu, akapiga msasa, akapaka rangi mpaka hata yeye akawa anaitafuta kwa kidole. Hakuwahi kufanya kazi nzuri kama ile. Alijisifu peke yake siku mbili nzima.

"Mtoto mwenyewe yuko wapi?" aliuliza, na kabla maneno hayajaisha kutoka alitamani ayarudishe.

"Hayupo. Mwaka wa kumi na mbili huu. Alikuwa na miaka saba." Mgeni alishika ukingo wa meza. "Picha ni hiyo moja. Tulipiga studio, na studio yenyewe siku hizi ni duka la dawa. Unajua kule wodini, kila nikifumba macho alikuja bila uso. Mwili wake, sauti yake, lakini hapa mbele hamna kitu. Nikajiambia, nikitoka mzima nitakwenda kumtazama vizuri."

Mama Fremu angeweza kusema hajaiona. Neno lilikuwa mdomoni tayari, jepesi, na huyu mama angeondoka na tumaini lake kwenda kulisumbua duka lingine. Lakini macho yale yalikuwa yanamngoja, akashindwa.

"Ninayo habari yake," alisema. "Ila imeshakuwa trei."

Mgeni akatabasamu, kwa mara ya kwanza tangu aingie. "Trei si kitu, mwenzangu. Mradi ipo."

Trei ilikuwa kwa msusi, mlango wa tatu. Walimkuta ameshasuka nusu ya kichwa cha mteja, nusu nyingine imesimama wima. Trei ilikuwa juu ya stuli na vikombe viwili vya chai.

"Trei yangu?" msusi akapiga kelele. "Mama Fremu, uniuzie mwenyewe halafu uje kuninyang'anya mchana kweupe? Imeua mtu?"

Mteja akacheka hadi kichwa kikamponyoka msusi mikononi. Mgeni hakucheka. Aliinama, akaweka kiganja juu ya kitambaa chenye vidoti, pale kati ya vikombe.

"Yuko chini ya hapa?" aliuliza.

Mama Fremu alieleza kwa maneno machache, akitazama sakafu. Msusi akaachia nywele. Aliondoa vikombe mwenyewe, akafuta trei kwa upindo wa gauni lake, akafuta tena mahali palipokuwa tayari pakavu.

"Chukueni," alisema kwa sauti ya chini. "Mungu wangu. Na mimi kila siku namwekea vikombe."

Walirudi. Mama Fremu akabandika birika jikoni, akang'oa vishikio, akatoa kadi ndani ya fremu. Akaishika juu ya mvuke, upande wa juu kwanza, akingoja gundi ilegee. Safari hii mgeni alikaa, mikono imebanwa katikati ya magoti. Ilichukua muda mrefu. Mwishowe ncha ya kitambaa ikanyanyuka, na chini yake ikaonekana rangi ya buluu.

"Pazia la studio!" mgeni akasema. "Ni lenyewe. Vuta, dada, vuta taratibu."

Alivuta taratibu kuliko alivyowahi kufanya jambo lolote. Buluu ikaisha. Sehemu ya kadi iliyofuata ilikuwa nyeupe, imechanika nyuzinyuzi, na rangi yote ilikuwa imepanda na kitambaa: kitu cheusi ambacho pengine kilikuwa nywele, kisha doa la kahawia lililotapakaa. Akasimamisha mkono.

"Mbona umeacha?"

"Nikivuta, kitambaa kinakuja naye."

Mgeni aliinama juu ya kadi. "Jaribu chini," alisema.

Chini gundi ilikuwa nyepesi. Huenda siku ile brashi ilikuwa imekauka, huenda alikuwa na haraka. Kitambaa kiliachia kwa hiari. Ikatokea sakafu ya studio, kisha viatu viwili vyeusi, soksi nyeupe, miguu miembamba hadi magotini. Juu ya magoti ukaanza tena ule weupe. Kamba ya kiatu cha kushoto ilikuwa imefunguka, imelala sakafuni.

"Nilimwambia afunge kamba," mgeni alisema. "Mpiga picha akasema haitaonekana."

Mama Fremu alijaribu tena ubavuni, akajaribu na kisu chembamba, akajaribu na maji ya moto na pamba. Kila jaribio lilipunguza kitu. Ilipobaki viatu na miguu tu akaogopa kugusa zaidi, akakata kipande hicho kwa mkasi, akakiweka mezani mbele ya mgeni. Alikuwa anaona aibu hadi masikio yanamchoma.

"Nisamehe."

"Hukujua."

"Nilijua ni mtu," alisema Mama Fremu. "Kila mara huwa najua ni mtu."

Mgeni aliichukua fremu tupu, akaigeuza, na kidole gumba chake kikaenda chenyewe kwenye pembe ya chini kulia. Kikapita. Kikarudi, kikapita tena.

"Pembe yangu iko wapi?"

"Niliiziba."

"Aliiangusha yeye, siku hiyohiyo tuliyoileta nyumbani. Nilimchapa." Kidole kiliendelea kutafuta. "Wakati wa kulala nilikuwa naishika hapa. Umeiziba vizuri sana. Hata sioni inapoanzia."

Mama Fremu akaipokea fremu, akaiweka pajani, akachukua kisu. Alichokoa pale alipokumbuka mshono wake. Lakini unga ulishaungana na mti, havikutengana tena, na alipokandamiza, kiliruka kipande kizima, ua lake na mbao ya zamani pamoja. Akapuliza vumbi. Akamrudishia.

Mgeni aliingiza kidole gumba katika pengo. Akakitoa, akakiingiza kwa upande mwingine.

"Lilikuwa dogo," alisema. "Lilikuwa dogo kuliko hili."

Hata hivyo hakukitoa. Walikaa hivyo, birika limekwisha maji na linanuka chuma, hakuna aliyenyanyuka kuliepua. Ndipo mgeni alipoinua macho, akatazama ile picha iliyoachwa mezani tangu alipobisha hodi.

"Na huyu ni nani?"

Mama Fremu akageuka. Gundi ilikuwa imekauka, na ikikauka huwa safi kama kioo. Mzee mmoja mwenye kofia alikuwa anawatazama wote wawili, anacheka, mzima kabisa, hata unywele mmoja haujapungua.

"Sijui," alisema. "Simjui."